Vidonge Vilivyogoma Getini

Usiku wa kuamkia leo niliota vidonge vyangu vimegoma. Nilivimeza viwili kabla ya kulala, vya asidi amino, eti vilisaidie ini nisiamke na mning'inio wa pombe. Saa nne asubuhi nilitakiwa kwa wakwe watarajiwa wa mpwa wangu Kiangi, kumposea mchumba, na jioni tulikuwa tumeonja bia kidogo. Mimi nilionja nane.

Nimesimama mbele ya ini langu. Ni ghala lenye geti. Ini lenyewe limekaa nje juu ya kreti, limevaa gamboti, linafuta jasho.

"Elinihaki," linaniambia, "vibarua uliowaleta hawataki kuingia."

Vibarua ni vile vidonge, vimevaa ovaroli. Mmoja ananuka mayai viza. Ananigeuzia mgongo nisome maandishi: *Weka mbali na watoto*.

"Wewe si mtoto wa mtu?" ananiuliza.

"Nina miaka arobaini na tatu."

"Sijauliza miaka."

Nakiri kwamba mimi ni kitinda mimba wa mama yangu. Wote wawili wanarudi nyuma hatua tatu, kwa mujibu wa maelekezo.

"Mama athibitishe umekua. Bila hivyo hatugusi kazi."

Geti linafunguka na tuko jikoni kwa mama, Upareni. Mama ni Msabato. Hajui kama nakunywa. Anasukuma chapati. Kuliona ini langu na gamboti hakumshangazi.

"Mama, waambie hawa mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima hamfichi mama yake. Umekunywa nini?"

"Maji."

Ini linakohoa.

"Bia, mama. Nane. Na si jana tu. Huu mwaka wa ishirini."

Mama anaitia chapati kikaangoni, anaigeuza, anaitazama.

"Haya, amekua," anasema. "Ingieni."

"Tutaingia, ila hatuahidi kitu," anasema yule wa mayai. "Hata sisi hatuna hakika kama tunasaidia."

"Tule kwanza," anasema mwenzake, akivuta kigoda.

Niliamka saa kumi na mbili, kichwa kinapasuka. Vibarua hawakuwa wamefanya kazi yoyote. Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Kunywa maji mengi, mwanangu, uoge, uende ukamsemee Kiangi vizuri."

Kisha akashusha sauti.

"Na hawa wageni wako wenye ovaroli, chapati wamemaliza. Niwape nini sasa?"