Jeneza Kwenye Kundi la Harusi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, shangazi alinitupia simu mapajani kama vile imemng'ata.

"Wee mtaalamu, hebu tazama ulichonifanyia!"

Shangazi hushona magauni ya harusi. Saa nne kamati ya harusi moja kubwa ingechagua mshonaji, na yeye alitakiwa kutuma kiungo cha tovuti yake kwenye kundi lao. Chini ya kiungo ikawa inatokea picha ya jeneza, na maneno: "Kazi safi. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika."

Kosa langu, sikatai. Tovuti yake niliinakili kutoka ya mjomba, fundi majeneza. Ndani nilibadilisha kila kitu, nikasahau mistari iliyojificha juu ya ukurasa, ile inayouambia mtandao uonyeshe picha gani mtu akituma kiungo.

"Dakika mbili tu, shangazi."

"Dakika zako nazijua. Zina watoto na wajukuu."

Nikabadilisha kichwa cha ukurasa, maelezo, picha. Nikajitumia kiungo. Jeneza. Nikajitumia tena. Jeneza lile lile, limetulia. Mtandao ulishahifadhi picha ya kwanza, hautaki kuangalia upya. Shangazi anazunguka meza ya kukatia, anakaa, anasimama, anachomoa pini na kuichomeka palepale.

Nikaongeza alama ya kuuliza na namba mbili mwishoni mwa kiungo, mtandao udhani ni ukurasa mgeni. Gauni likaja! Ila picha ilikuwa ndefu na nafasi ya picha chini ya kiungo ni pana. Bibi harusi wa pichani kakatwa shingoni.

"Huyo sasa jeneza linamfaa," shangazi akasema.

Nikatafuta picha pana, ile mbili ya mwishoni nikaifanya tatu. Saa nne kasorobo, kichwa kikarudi na tabasamu lake.

"Haya, watumie hiki."

Shangazi akaweka pini mezani.

"Kile cha kwanza nilishawatumia. Nilidhani ukirekebisha huku, na kule kinajirekebisha."

Tukafungua kundi. Watu kumi na wanane wameshaliona jeneza. Shangazi akaandika: "Samahanini. Mtoto wa kaka yangu amenichanganya na mjomba wake. Kazi yangu ni hii." Akatuma kiungo kipya.

Mama wa bibi harusi anaandika. Kaacha. Anaandika tena.

"Gauni hilo ndilo binti yangu analililia. Njoo saa tano uchukue vipimo. Njoo wewe, huyo mjomba bado hatujamhitaji."

Nilipoinua macho, shangazi alishafika mlangoni, futi shingoni, kiatu mguu mmoja.