Mgonjwa wa Maonyesho

Fundi cherehani alikuwa na kinyongo na jengo jipya la hospitali tangu lilipokuwa shimo. Kila mapafu ya mumewe yalipogoma, walilala wodi ya zamani wakisikiliza nyundo za mafundi, na aliyelalamikia shuka zilizochanika aliambiwa avute subira, mambo mazuri yanakuja. Leo ndiyo siku ya uzinduzi. Mambo mazuri yalikuwa yamefika, na mashine ya oksijeni ilikuwa imeondolewa kitandani kwa mumewe.

"Imepelekwa jengo jipya, mama," muuguzi alisema bila kumtazama. "Mgeni rasmi akishaondoka itarudishwa."

"Na mume wangu apumue nini mpaka hapo? Hotuba?"

Muuguzi alijibu kwamba amri imetoka juu. Juu! Katika hospitali ile kila upumbavu ulitoka juu, kama kinyesi cha kunguru. Midomo ya mumewe ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Fundi hakungoja. Alimwita wifi yake, wakamkalisha mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, wakavuka naye uani.

Wodi mpya ilinuka rangi. Kila kitanda kilikuwa na mtu, na hakuna hata mmoja aliyeumwa. Wakubwa waliona wagonjwa wa kweli wataharibu picha: wanakohoa, wamekonda, na wana ndugu wenye midomo. Wakawalaza makarani. Karibu na mlango, usoni na barakoa ya oksijeni ya mumewe, alilala karani wa masjala, mashavu yamemjaa, viatu vikichungulia kwenye shuka.

"Inuka," fundi alimwambia.

"Mama, mimi nimepangwa hapa."

"Umepangwa kuumwa? Basi endelea kulala, nikuumize kweli."

Karani aliruka chini kwa wepesi wa mtu mwenye mapafu mazima. Mawifi wakamlaza mgonjwa wao na kumvisha barakoa. Hawajatengeneza hata mto, mgeni rasmi akaingia na wapiga picha, na nyuma yake mkurugenzi wa hospitali, ndani ya suti ambayo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Fundi aliuona kutoka mbali. Mtu aliyeshindwa kusimamia mikono miwili ya koti lake alikuwa amekabidhiwa hospitali nzima.

"Unajisikiaje, mzee?" mgeni rasmi aliuliza.

Mgonjwa alifumba macho, akavuta hewa.

"Oneni utulivu huu!" mgeni rasmi aliwaambia wapiga picha. "Haya ndiyo matunda ya upanuzi."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi alipiga pia, jasho likimtiririka, maana alimfahamu karani wake, na huyu hakuwa yeye.

Magari yalipoondoka mkurugenzi alirudi na vibarua wawili. "Mama, wodi hii haijaanza kupokea wagonjwa. Mrudisheni alikotoka."

Fundi aliuzungusha waya wa mashine kwenye kiganja chake. "Atakayeuchomoa aanze kwa kuukata mkono huu. Na waite wale wenye kamera, hii ndiyo picha waliyoikosa."

Mkurugenzi aliutazama mkono, akatazama mlango, akaondoka na suti yake. Vibarua wakamfuata.

Muda ukapita. Rangi ilirudi taratibu kwenye midomo ya mumewe, akafumbua macho.

"Kuna mtu aliniuliza hali," alinong'ona. "Alikuwa nani?"

"Hakuna mtu, mume wangu," fundi alisema. "Vuta hewa."