Mkwe wa Mjini na Majani ya Kinamasini

Kaka yangu Jasib alioa huko Najaf, mjini kabisa, ambako maji hutoka bombani na majani huuzwa sokoni kwa mafungu. Alipomleta mkewe Wijdan kwetu Chibaish, kinamasini, kwenye kisiwa chetu cha matete, mama alimtazama mikono akasema, "Maskini, mikono ya kushika kalamu hii." Siku ya pili akampa mundu.

"Kawakatie nyati bardi." Bardi ni majani laini ya majini, chakula cha nyati wetu wa kufugwa.

Wijdan akarudi na mtumbwi umejaa matete makavu, yale ya kujengea. Nyati wakayanusa, wakageuza vichwa.

"Mwanangu," mama akasema, "umewaletea nyumba. Wenyewe wanataka chakula."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wijdan hakucheka. Aliapa kwamba atatuonyesha.

Nafasi akaipata majira ya kuchipua. Alisikia shangazi Hadhba anakuja kumwona bibi harusi, na kwamba mgeni kwetu huandaliwa khirriti, ule utamu wa manjano unaotengenezwa kwa unga wa maua ya bardi na sukari, ukapikwa kwa mvuke ndani ya kitambaa. Hakuuliza mtu. Aliona mashada yakipepea juu ya matete, akayakata, akayakung'uta, akapika.

Shangazi akauma. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Kinyoya cheupe kikamtoka puani.

"Mama Jasib," akasema alipoweza, "hivi nimepewa kitafunwa au mto wa kulalia?"

Mama akachukua kipande, akakigeuzageuza. "Haya maua ya matete. Tena ya mwaka jana! Binti, jani umekosea, na mwaka pia umekosea?"

Wijdan akakimbilia ndani kulia. Nikamfuata.

"Wifi, si ungeniuliza tu?"

"Nikuulize wewe, unicheke?"

Nikatoka nikamweleza mama.

Kesho yake mama akampakia mtumbwini, mimi nikapiga kasia. Tulipofika kati ya majani, mama akamfunga macho kwa shungi lake, akaanza kumtia majani mkononi, moja moja.

"Vunja."

"Limelia ko! Ndani tupu."

"Tete hilo. Na hili?"

"Laini, kama sifongo. Halina fundo."

"Bardi. Hili je?"

"Lina pembe tatu... aa! Limenikata!"

"Ndago. Likishakukata hulisahau."

Wakaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Mama hakutaka majina tu. "Jani lina majirani," alisema. "Ukiona yungiyungi, maji yametulia na ni matamu. Magugu yale ya chini, yenye mkia kama wa mbweha, ndimo samaki wanamolea watoto wao. Matete hayachagui, hata chumvi kidogo yatavumilia."

Wijdan akawa anakausha majani chini ya godoro ili asiyasahau. Jasib akawa anaamka na mistari mgongoni. "Jamani," akalalamika wakati wa chai, "nimeoa mke au nimeoa malisho?"

Kiangazi kikaja, maji yakapungua. Asubuhi moja Wijdan akarudi bila majani.

"Mama, tuhame."

"Tuhame kwa nini?"

"Yungiyungi zimekufa. Magugu ya chini yamekuwa kahawia, ukiyashika yanakatika. Yamebaki matete peke yake. Maji yameingia chumvi."

"Loo! Watu wa Najaf leo wanatufundisha maji!" Mama akachota kwa kiganja, akanywa. Akatema. Akaanza kukunja mikeka.

Tukawaswaga nyati hadi kwenye maji ya kina, mwendo wa nusu siku. Siku ya tatu majirani wakatufuata, nyati wao wamekonda, na mama akawapokea kifua mbele. "Niliona mapema," akawaambia. "Nilitazama majani tu."

Wijdan akanigeukia mdomo wazi. Nikajifanya nakohoa.

Jioni ile mama akatoka majini na jani dogo la mviringo ambalo sikuwahi kuliona.

"We mkwe, hili nini?"

Wijdan akalivunja, akalinusa. "Wewe, mama, unaliitaje?"

"Nimekuuliza wewe."

"Nami nimekuuliza wewe."

Wakabishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja akidai jina liko kwenye ncha ya ulimi. Nyati mmoja akapita katikati yao, akalinyakua, akala.

"Basi," mama akasema, "ni chakula."

"Ndiyo nilichotaka kusema," akajibu Wijdan.