Gramu Tatu za Mfalme Ptolemi

Jacqueline, msimamizi wa maktaba yetu hapa Thornton Heath, aliitoa sarafu ya marehemu mke wangu kwenye kabati la maonyesho bila hata kunipigia simu. Vitu vya wakazi wengine vimebaki. Cha Placida tu ndicho kimetolewa.

"Ni feki, Anko Fanuel," akaniambia. "Sarafu ya fedha ya Wagiriki ni gramu kumi na saba. Hii kumi na nne. Listi ya ofisi kuu inasema hivyo."

Listi! Placida alimtunza na kumwogesha bibi kizee wa Kigiriki kule Woolwich miaka tisa, na bibi akampa sarafu hiyo kwa mkono wake. Leo nikubali kwamba mke wangu alipewa bati? Hata kidogo.

Nikaichukua, nikaipeleka kwa Nitin, sonara, mtu wa Mwanza. Akaigusisha ukingo kwenye jiwe lake la kupimia.

"Fedha safi, mzee. Ila nyepesi."

"Huyu mwenye kidevu kirefu hapa kwenye sarafu nani?"

Akatafuta kwenye simu, akanisomea. Ptolemi, jenerali wa Aleksanda, yule mfalme wa Wagiriki wa kale. Bosi alipokufa, akajitwalia Misri, akajiita mfalme, akaweka sura yake kwenye sarafu. Kisha akapunguza uzito. Mfanyabiashara akiingia na sarafu nzito za nje, sharti abadilishe kwa nyepesi za mfalme, sarafu moja kwa sarafu moja.

Nikacheka. "Mbona huyo namjua! Nimelima pamba Shinyanga mimi. Gunia nyumbani kilo themanini, kwenye mizani ya chama cha ushirika sabini na moja, na karani anakutazama usoni!"

"Na wewe ulikuwa unatia maji kwenye pamba, mzee."

"Na mchanga. Ulitaka nifanyeje?"

Nikarudi nayo maktaba. "Mwanangu, listi yako ni ya sarafu za Aleksanda. Huyu ni mwizi mwingine. Zile gramu tatu kazila mfalme mwenyewe. Tafuta hapo kwenye kompyuta: Ptolemi."

Akasoma, akasoma tena.

"Sorry, Anko. Nairudisha."

"Irudishe. Na kwenye kadi, chini ya jina la Placida, andika: nyepesi kwa amri ya mfalme."

Akaandika. Nikasimama pale pale mpaka akafunga kabati kwa ufunguo, maana hao wa ofisi kuu siwaamini.