Wau Iliyokatika Mkia

Mke wangu Sirvart alikuwa na tabia niliyoichukia: akifungua taipureta, vipande vidogo huvibana kwa midomo, kama fundi cherehani na pini zake. Nyumba yetu ya mtaa wa Batawin ilijaa mashine kuukuu, alizozinunua zikiwa kutu tupu akazifufua. Zote tulizisajili polisi, kama amri ilivyotaka, isipokuwa moja ya herufi za Kiarabu aliyotuuzia juzi jirani yetu Ghazwan, mwenye duka la dawa.

Herufi yake ya wau ilikuwa imekatika mkia. Asubuhi moja Sirvart aliibandua, akalehemu nyingine aliyoitoa kwenye mashine nyingine mbovu ya Kiarabu. Risasi ya kulehemea haijapoa vizuri, mlango ukagongwa.

Waliingia askari watatu. Mkubwa wao, kijana mwenye sauti ya upole, akaketi bila kukaribishwa.

"Msiogope, wazee wangu. Natafuta mashine moja tu. Karatasi za uchochezi zimemwagwa mitaani, na kila wau haina mkia."

Nikamtazama Sirvart. Midomo kaifumba. Ile wau isiyo na mkia ilikuwa humo.

"Mama, mbona kimya? Umejaza maji mdomoni?"

"Jino linamsumbua," nikadakia.

"Nimekuuliza wewe?" Akainuka, akamsogelea. "Hebu achama nilione."

Sirvart akanyakua bilauri yangu ya chai, akagugumia yote. Nililiona koo lake likipanda, likakwama, likashuka. Machozi yakamtoka.

"Haya, tazama," akasema, kaachama. "Lile la nyuma, limeoza. Ukiling'oa nitakuombea dua."

Wale wawili wakacheka. Mkubwa hakucheka. Alikwishaiona mashine ya Ghazwan mezani.

"Hii haina namba. Mmeinunua kwa nani?"

"Sokoni, kwa muuza vyuma," Sirvart akasema. "Bado mzoga, mwanangu. Mzoga unasajiliwa?"

"Chapa jina langu. Mawlud. Kwa Kiarabu lina wau mbili."

Akachapa. Niliogopa ile risasi itaachia. Mawlud akachomoa karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua herufi moja moja. Wau zote mbili zilikuwa na mikia.

"Kesho kaisajilini," akasema, wakatoka.

Nilingoja hadi gari lilipoondoka. "Umeimeza?"

"Ulitaka nimtemee kiganjani?" Akachukua mtandio wake.

"Unakwenda wapi?"

"Duka la dawa. Si nina jino bovu?"

"Muache huyo! Katuuzia kitanzi, Sirvart, tena kwa makusudi!"

"Pengine. Lakini nikisikia amenyongwa, nitalala vipi na wewe hapo ubavuni umenyamaza?"

Alikwenda kumwonya, akarudi na vidonge mkononi. Alasiri hiyo duka la Ghazwan lilifungwa, na halikufunguliwa tena. Sisi tuliishi kwa hofu ya kila kishindo cha gari mpaka msimu wa baridi ulipoingia. Ndipo dada yake Ghazwan alipomkuta Sirvart kwenye foleni ya mkate, akamnong'oneza kuwa kaka yake amevuka mpaka, yu mzima, na anaomba radhi.

Sirvart alinisimulia huku akikata vitunguu. Mimi radhi hiyo sijaitoa mpaka leo. Yeye aliitoa palepale kwenye foleni.