Mawaridi ya Kando ya Njia

Wiki mbili baada ya kumzika mama yao, dada mkubwa alikuwa bado anaamka kabla ya jua, anachota maji na kuyamwagilia yale mawaridi. Mwili ulikwenda wenyewe. Akili ilibaki kitandani.

Yalikuwa mawaridi mafupi, hayamfiki mtu kiunoni, ya pinki iliyopauka kidogo, yenye kutoa maua madogo madogo kwa vishada karibu mwaka mzima. Bibi ndiye aliyeyaleta, kitawi kimoja ndani ya kitambaa kibichi. Mama akakizidisha mpaka yakajipanga pande zote mbili za njia, toka getini hadi mlangoni. Wapita njia walisimama kuyatazama. Walipoomba mche, mama alitabasamu na kukataa. "Haya ni ya ukoo," alisema.

Jumamosi hiyo akaja kitinda mimba, fundi umeme. Alikaa barazani, akanywa chai, akakohoa kikohozi cha mtu aliyetumwa.

"Dada, tumeongea sote kwenye simu. Nyumba ubaki nayo wewe, pamoja na mawaridi. Nani mwingine atayaweza?"

Dada alikuwa anapinda kola ya sare ya shule, kazi yake ya miaka yote. Hakuinua kichwa. "Sote? Mimi nilikuwa wapi?"

"Tulidhani utafurahi."

"Siyataki."

Mdogo wake akacheka, akidhani ni utani. Dada akaweka sindano chini.

"Nimechoka, mdogo wangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka nao umeisha. Miaka saba nimemgeuza mama kitandani, nimepogoa, nimepalilia, nimeshona kwa vidole vilivyotobolewa na miiba. Unajua mwaka wa mwisho aliniitaje? 'We binti wa kazi.' Mimi, mwanawe wa kwanza! Mimi alinisahau, maua akayakumbuka. Kila nikimlisha: 'We binti, maua yamekunywa?' Siku moja nikamjibu yamekufa yote. Alilia kutwa nzima. Nikamkatia kishada, nikamwekea kifuani, nikamwomba radhi. Akanishukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni."

Kitinda mimba aliangalia viatu vyake. "Hukutuambia."

"Mlikuwa mkiuliza mama hajambo, kabla sijajibu simu imekatika."

Kisha yule fundi akainuka, akachukua mkasi wa bustani uliokuwa dirishani. "Basi nielekeze. Kila mmoja atapata wake, akayatunze kwake."

Dada hakuinuka. Alielekeza akiwa palepale kwenye kiti. "Tawi la unene wa penseli. Kata chini ya jicho, hapo panapochipukia. Si hapo, hilo changa mno! Ng'oa majani ya chini." Mdogo wake alichomwa, akalaani, akanyonya kidole, akaendelea. Hadi adhuhuri vipandikizi kumi na viwili vilikuwa vimesimama kwenye makopo ya mchanga mbichi, viwili viwili kwa wadogo wote watano wa dada. Viwili vya mwisho, dada alisema apewe mwalimu mstaafu wa nyumba ya jirani, aliyeomba mche miaka ishirini akinyimwa.

"Mama angekasirika," kitinda mimba alisema.

"Angekasirika sana," dada akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kidogo.

Mwezi uliofuata alipangisha nyumba, akahamia chumba kimoja juu ya duka lake la ushonaji. Uani kuna saruji tupu na kamba ya kuanikia nguo. Wiki ya kwanza alilala mpaka wateja wakamgongea mlango.

Kitinda mimba alipiga simu jioni moja. Vipandikizi vyake vyote viwili vilikuwa vimekauka; vya mwalimu vilikuwa vimechipua. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayeungama.

"Pole," dada alisema. "Kaombe vingine kwa mwalimu." Halafu, badala ya kukata simu, mdogo wake akauliza, "Na wewe dada, unaendeleaje?" akasubiri jibu.

Dada akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza.