Misa ya Saa Kumi na Moja na Nusu

Kwa miezi minne nilimdanganya mume wangu kwa jina la Mungu. Toba nimekwisha kuifanya, kwa hiyo msinitolee macho. Nilimwambia ninakwenda misa ya alfajiri. Mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja na nusu, nilijifunga kitenge, nikachukua mfuko wangu mweusi, nikatoka. Télesphore alidhani ndani ya mfuko mna kitabu cha sala. Mlikuwa na raba.

Nilikuwa ninakimbia. Ndiyo, mimi Kavugho, muuza maharage ya jumla hapa Kabondo, Kisangani, mwanamke ambaye akiita toleka, mwenye baiskeli huangalia kwanza matairi yake, kisha mbingu.

Yote yalianzia kituo cha afya. Muuguzi Lydie alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akapima, akapima tena, akapima mara ya tatu. Mtu akipimwa mara tatu, ujue kuna neno.

"Maman, tension iko juu sana," akasema.

Mama yangu aliuawa na tension hiyo hiyo. Alianguka katikati ya soko la Butembo, mkono ungali ndani ya gunia, akiwa na miaka arobaini na sita na miezi minne. Siku alizoishi nilikuwa nimezihesabu zamani, nikazihifadhi kichwani kama jina langu. Na siku hiyo mbele ya Lydie, mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita kamili. Nikahesabu hapo hapo: miezi minne tu.

Lydie alinipa dawa ya kumeza kila siku, akanikataza chumvi nyingi, akasema mwili lazima utembezwe. Ndiye aliyenipeleka kwa Lucie.

Lucie ni Mwenya, wa familia za wavuvi wa maporomoko, na anauza samaki wa moshi. Ana kundi la akina mama kumi na wawili wanaokimbia alfajiri polepole huku wakiimba. Wenyewe wanaita footing. Yeye huita, wengine huitikia. Na ana sheria moja tu, ambayo alinipa siku ya kwanza nilipokuwa nimeinama njiani ninatafuta roho yangu.

"Ukishindwa kuimba, unakimbia sana," alisema. "Punguza. Huku hatutafute medaille. Tunatafuta pumuzi."

Mwezi wa kwanza nilikuwa ninaimba neno moja kati ya kumi. Mwezi wa pili nusu ya wimbo. Mwezi wa tatu nikaanza kuwasumbua wenzangu kwa sauti, maana sauti ninayo, asante Mungu, ya kuuzia maharage. Hapo nikajiwekea ahadi: nitakimbia kutoka Kabondo mpaka maporomoko ya Wagenia, bila kusimama, wimbo mdomoni. Nikachagua na siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ile ambayo ningekuwa nimeishi siku moja zaidi ya mama yangu. Nilitaka siku hiyo inikute kwa miguu, ninaimba, si kitandani nikihesabu mapigo ya moyo.

Mtauliza kwa nini sikumwambia Télesphore. Kwanza, yeye ndiye aliyelibeba jeneza la mama upande wa mbele. Angesikia neno tension, angenilaza kitandani na kufunga duka. Pili, kwetu unene wa mke ni sifa ya mume. Mke akikonda, watu humtazama mume.

Na nilikonda. Wateja wakaanza kunisemesha kwa sauti ya chini, ile ya msibani. Mmoja alikataa kabisa kubishania bei, kwa huruma. Nilipokea huruma yake, biashara ni biashara. Lakini sikuona kilichokuwa kinapikwa. Mwanamke anakonda, halafu ghafla anapenda misa ya alfajiri! Mjini Kisangani hata mtoto atakuambia maana yake: huyo anajiandaa kufa.

Jumamosi ikafika. Nikafungua mlango kwa furaha, mfuko begani, na mbele yangu wamesimama wanawake saba wa shirika, jumuiya yetu ya sala ya mtaani. Mbele kabisa Maman Hélène, présidente, mwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nilinusa lituma, ndizi zilizopondwa, pamoja na samaki. Rozari zilikuwa zimeshatoka mifukoni.

"Rudi ndani, maman, ukae chini," akasema Hélène. "Tunakuya kukuombea. Lakini mbele utakula. Mutu mugonjwa hawezi kwenda misa na tumbo tupu."

"Mugonjwa nani?"

"Usitufiche. Batu yote banaona. Unakonda, na kila asubuyi uko ku misa."

Nikageuka. Télesphore alikuwa amesimama nyuma yangu, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, hanitazami. Yeye ndiye aliyewaita.

Hasira ikanipanda, na nikiwa na hasira ulimi wangu hauombi ruhusa. "Maman Présidente, ku ile misa ya asubuyi, ulishaniona hata siku moja?"

Hélène akakaza fundo la kitambaa cha sufuria. Wenzake sita wakaitazama sufuria. Miezi minne, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga misa hiyo!

Hapo ndipo wimbo ulipotokea kwenye kona ya barabara. Sauti ya Lucie iliita, "Mama iko wapi?" na sauti kumi na moja zikajibu, "Mama anakuya!" Walikuwa wananijia. Moyo ukaniruka, na safari hii haikuwa tension.

Nikafungua kitenge mbele ya shirika zima. Chini nilikuwa na suruali nyeusi ya michezo. Hélène akafanya ishara ya msalaba. Nikatoa raba, nikakaa kwenye kizingiti, na huku ninafunga kamba nikamwambia mume wangu kila kitu kwa pumzi moja: kituo cha afya, dawa ninazoficha nyuma ya mafuta ya mawese, Lucie, mbio.

"Na leo ninamupita mama," nikamaliza. "Leo, Télesphore. Usinizuie."

Akageuka. Aliingia ndani, nami sikumsubiri.

"Na chakula?" akalia Hélène.

"Nitakula nikirudi!"

"Nani anajua kama utarudi?" Akasimamisha toleka, akapanda na sufuria yake mapajani, akamwamuru kijana mwenye baiskeli atufuate.

Hapo nikafanya ujinga. Nilijua shirika linanitazama, nikataka kuwaonyesha mgonjwa ni nani. Nikampita Lucie. Nikampita kila mtu. Wenye duka walikuwa wanafungua milango, wakapiga makofi, na mimi kichwa kikavimba, nikaongeza mwendo. Nilikuwa mrembo kweli, kwa dakika tatu hivi.

Lucie akaita, "Mama iko wapi?"

Nikafungua mdomo kujibu. Haikutoka hata herufi.

Nafsi yangu ikaniambia, kaza tu, karibu utafika. Lakini nilimwona mama, mkono ndani ya gunia. Naye alikuwa wa kukaza. Hakujua kupunguza, asubuhi ile ya mwisho aliambiwa apumzike, akasema amalize kwanza gunia moja.

Nikapunguza. Kwa aibu, mbele ya Hélène na toleka yake, nikapunguza mpaka kuku wa barabarani akanipita. Sikusimama, hilo naapa, lakini wenzangu walinipita mmoja mmoja, na Lucie alipofika sawa nami alinigusa tu mgongo. Nikabaki nyuma peke yangu, nikivuta pumzi nilivyofundishwa, ninaona kabisa kwamba siku yangu imeniharibikia.

Kisha nikasikia mnyororo wa baiskeli unaolia. Télesphore. Shati jeupe limelowa, chupa ya maji kwenye kikapu, na kando yake kopo la dawa zangu. Hakunilaumu. Aliendesha kando yangu, taratibu, gurudumu linayumba kwa mwendo mdogo. Mbele Lucie akaita, na mume wangu, ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu, akajibu kwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, "Mama anakuya!"

Nikacheka. Na anayeweza kucheka ana pumzi. Lucie alipoita tena, nilijibu neno moja. Halafu mawili. Halafu nikasikia mngurumo wa maji, nikaona miti mikubwa ya wavuvi iliyosimikwa kwenye maporomoko na mitego ikining'inia, na wenzangu wamesimama ukingoni wananipungia vitambaa. Sauti yangu ya maharage ikarudi yote. Nilifika wa mwisho kabisa, nikiimba kwa nguvu mpaka wavuvi wakageuka juu ya mawe.

Nililia. Sina haya kusema. Nililia na kurukaruka, tukakumbatiana akina mama kumi na watatu, wote jasho, na Hélène akashuka kwenye toleka, akagawa lituma yake kwa mkono, akimwuliza Lucie kwa sauti ya chini kama kuna raba za miguu mipana.

Télesphore alikuwa ameketi kwenye jiwe. Nikakaa kando yake. Akatoa rozari mfukoni, akaizungushazungusha.

"Wale wa shirika, niliwaita leo exprès, kusudi," akasema. "Si juu ya kukonda tu."

"Juu ya nini?"

"Mimi pia nilikuwa nahesabu. Tangu mwaka ulipoanza. Nilijua siku yenyewe ni leo, na sikutaka ikukute uko peke yako." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Kumbe mwenyewe ulikuwa unakimbia kwenda kuikuta."

Nikamshika mkono, na rozari ikiwa humo humo. Ng'ambo ya mawe Lucie, mdomo umejaa samaki, akaita kwa mchezo tu, "Mama iko wapi?" Wenzake walikuwa wanatafuna. Nikajibu peke yangu.